Namna ya Kumfundisha Mhudumu Bila Kumpeleka Bagamoyo

Kila wiki ya kwanza ya Oktoba ofisi zetu hugeuka ukumbi wa harusi. Maputo hupandishwa mlangoni, fulana mpya hugawiwa, keki yenye nembo ya kampuni hukatwa saa nne asubuhi, na mkurugenzi hushuka kutoka ghorofa ya juu kuja kukaa dirishani dakika chache, apigwe picha akimhudumia mteja. Ni Wiki ya Huduma kwa Wateja. Ilianzishwa Marekani mwaka 1984 na chama cha watu wa kazi hiyo, Bunge la huko likaitambua kitaifa mwaka 1992, na baadaye ikatufikia sisi pamoja na keki zake. Nia yake ni njema. Ugomvi wangu uko kwenye Jumatatu inayofuata: maputo yamenywea, mkurugenzi amerudi juu, na mteja ambaye mashine ya ATM imemkata pesa bila kumpa noti amesimama mbele ya binti ambaye hajawahi kuelezwa pesa hiyo inakwenda wapi, inarudi baada ya siku ngapi, na ni nani wa kupigiwa simu isiporudi.

Mwongozo huu ni wa Jumatatu hiyo. Nawaandikia mameneja, wasimamizi wa matawi, wakuu wa vitengo, wenye maduka na wenye hoteli, na yeyote aliye na watu wanaokutana na umma kwa niaba yake. Nitawasema, kwa kuwa mnastahili kusemwa. Lakini kila ninachowaambia mfanye kinafanyika, na kinafanyika kwa gharama ndogo kuliko mafuta ya basi la kuwapeleka watu semina Bagamoyo.

Futa semina, au angalau mkalishe mwezeshaji kaunta

Semina ya mwaka mnaijua. Hoteli ya ufukweni, siku mbili, projekta, bangokitita, chai ya saa nne yenye sambusa mbili na yai. Mwezeshaji aliyevaa suti anauliza, "Mteja ni nani?" na ukumbi mzima unaitikia, "Mfalme!" Anawafundisha watu kunyoosha mgongo, kumtazama mteja machoni, kutaja jina lake mara tatu katika mazungumzo. Mchana usingizi ukiwashika wanasimama na kupiga makofi kwa mtindo wa mvua. Jioni ya siku ya pili wanapokea vyeti, wanasaini posho, wanapiga picha ya pamoja. Katika siku hizo mbili hakuna aliyetaja hata tatizo moja ambalo wateja wa tawi lile walilileta wiki iliyopita. Mwezeshaji hakuyajua, wala hakuuliza, na nyinyi mliomwalika hamkumwambia.

Basi hatua ya kwanza ni kufuta semina hiyo. Kama bajeti imeshapita na haiwezi kurudi, mpeni mwezeshaji sharti moja kabla ya kumlipa: akae nyuma ya kaunta yenu siku nzima, tangu mlango unapofunguliwa hadi mhudumu wa mwisho anapofunga hesabu, asikie watu wanauliza nini. Atakayekubali ana kitu cha kuwafundisha. Atakayekataa mmeokoa fedha.

Kuna sababu ya kisayansi ya kuwa mkali hivi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi ya kukariri kingeokolewa akizirudia baadaye. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Yapo mambo yenye maana ambayo hukaa kichwani muda mrefu zaidi ya silabi tupu, na hilo ndilo la kuwauliza waandaaji wa semina: ni slaidi zipi kati ya zile themanini zilizokuwa na maana kwa karani wa dirisha namba nne?

Utafiti wa pili ni wa karibuni. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara mbili. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha likaambiwa liandike kwa kukumbuka tu, bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, waliojaribiwa walikumbuka asilimia 56. Mtu akivuta jambo kutoka kichwani mwake, jambo lile linajikita. Akiambiwa tena na tena, anajiona anajua, na kujiona huko ndiko kunakomwangusha mteja anapofika.

Dakika kumi za asubuhi, na jinsi ya kuziharibu

Kutokana na hayo, chombo bora cha mafunzo nchini kinagharimu dakika kumi kila asubuhi. Kabla mlango haujafunguliwa, wahudumu wote wanasimama pamoja na mmoja anauliza swali lililoulizwa na mteja wa jana. Wenzake wanajibu bila kuangalia karatasi wala simu. Mwenye jibu sahihi analieleza, mwenye shaka anauliza, na kama hakuna anayejua, mtu mmoja anapewa jukumu la kuleta jibu kesho yake. Basi. Kesho linaulizwa jingine, na lile la wiki iliyopita linarudishwa ghafla kuona kama bado lipo.

Zipo njia nyingi za kuziharibu dakika hizo na mameneja wetu wanazijua zote. Ya kwanza ni kuanza kwa sala ndefu, salamu za mkoa na taarifa ya msiba, mpaka muda ukaisha. Salini, pelekeni pole, lakini wekeni muda wake. Ya pili ni meneja kuongea peke yake. Meneja akishika zamu ya kuongea, wahudumu hushika zamu ya kutikisa kichwa, na hapo hakuna kilichofundishwa. Ya tatu, mbaya kuliko zote, ni kumuumbua aliyekosea. "Yaani wewe una miaka mitatu hapa hujui hata hili?" Sentensi hiyo moja hufunga midomo ya ofisi nzima kwa mwaka mzima. Kuanzia siku hiyo mhudumu asiyejua hatauliza, atabuni. Atamwambia mteja arudi kesho. Atasema mfumo uko chini. Nina hakika kabisa kwamba sehemu kubwa ya mifumo "iliyo chini" katika nchi yetu iko juu, inafanya kazi vizuri, na aliye chini ni mhudumu mwoga ambaye hakuna aliyempa ruhusa ya kutojua.

Kwa hiyo meneja aanze yeye kujibu, na akubali kukosolewa na mdogo wake mbele ya wote. Akisema, "Hapo umenizidi, nifafanulie," amefanya kazi ambayo bajeti ya semina haiwezi kuifanya.

Maswali yasiwe ya kitabuni. Si "taja nguzo saba za huduma bora". Liwe hili: mama amekuja na kitambulisho chenye jina la ndoa, akaunti ina jina la usichana, anataka kutoa pesa za ada leo hii. Unafanyaje? Au hili: mtu ametuma pesa kwa namba isiyo yake, na aliyepokea keshaitoa. Unamwambia nini, kwa maneno gani hasa? Waambie waigize. Mmoja awe mteja mwenye hasira, mwingine awe mhudumu. Watacheka siku za mwanzo, na kicheko hicho ni kizuri, kwa sababu watu waliocheka pamoja asubuhi huombana msaada mchana.

Fundisha sababu, si vifungo vya kubonyeza

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo penye moyo wa jambo lenyewe.

Mchukueni wakala wa kawaida wa mtaani Tanzania, yule wa kibanda chenye rangi ya mtandao, anayetuma na kutoa pesa, anasajili laini na kununulia watu umeme wa LUKU. Novemba 2024 mambo mawili yalimwangukia kwa pamoja. Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Na tarehe 24 ya mwezi huohuo ilikuwa ndiyo mwisho wa kuhuisha mita zote za umeme wa malipo ya kabla, hapa kwetu, Kenya na dunia nzima inakotumika teknolojia hiyo. Mteja aliyezoea kupata namba moja ya tarakimu 20 alijikuta amepewa tatu, aziingize kwa mpangilio, mbili za kuhuisha mita kwanza, ya umeme mwisho.

Aliyefundishwa vifungo tu alikuwa na jibu moja: "Ndivyo mfumo ulivyo, mzee. Ingiza tu." Mzee naye, ambaye ameishi miaka mingi katika nchi ambayo "ingiza tu" imemgharimu mara kadhaa, akaona anaibiwa.

Aliyefundishwa sababu angeweza kuzungumza naye hivi:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti, nimenunua umeme wa elfu kumi mmenipa namba tatu. Namba mbili hizi za nini? Mnanikata?"

"Hujakatwa, baba. Ile ya tatu ndiyo umeme wako wote. Hizi mbili za mwanzo ni za kuirekebisha mita. Ndani ya mita kuna hesabu ya muda iliyoanza mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia inajaa mwezi huu. Isiporekebishwa, mita itakataa umeme wote utakaonunua baadaye. Unaziingiza mara moja tu, hutaziona tena."

"Kumbe. Sasa mbona hamkusema?"

Na hilo la mwisho ni swali la haki.

Alichoeleza binti huyo ni kweli tupu. Mita hizo hufuata kiwango kimoja cha kimataifa. Kila tokeni hubeba alama ya muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na alama hiyo imetengewa biti 24, ambazo hazizidi hesabu ya milioni 16.7 na ushei. Gawa dakika hizo utapata karibu miaka 32, na unaangukia Novemba 2024. Jambo lilijulikana miaka mingi kabla. Hesabu yake inamtosha mwanafunzi wa sekondari. Mhudumu aliyeelewa mantiki hiyo hata mara moja hahitaji kukariri majibu kumi ya malalamiko kumi; anayajenga yote mwenyewe, kwa lugha ya aliye mbele yake, kwa mwalimu namna yake na kwa muuza genge namna yake.

Tazameni pia Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Aliyeulizwa na wananchi hakuwa aliyepanga tozo. Aliulizwa wakala, kwenye jua, na foleni nyuma ya mteja inanung'unika. Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, na wakala akatakiwa kueleza upya. Kenya nako, tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF iliiachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na watu wa mapokezi hospitalini wakawa ndio wanaotazamwa usoni na mgonjwa anayetaka kujua kama michango yake bado inamfaa. Sheria hubadilika, ada hubadilika, majina hubadilika, na mabadiliko yote hayo hufika kwa mwananchi kupitia mdomo wa mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote katika jengo. Kumwacha mtu huyo asome habari za kazi yake mitandaoni, saa ileile na mteja wake au baada yake, ni dharau kwa wote wawili.

Kanuni basi iwe hii: hakuna badiliko linalotangazwa kwa umma kabla wahudumu hawajalielewa na kulifanyia mazoezi. Siku tatu kabla zinatosha. Idara ya mawasiliano ikisema haiwezekani, kwa kuwa bango limeshachapishwa, mwambieni mkuu wa idara hiyo akasimame dirishani siku ya kwanza. Tarehe ya bango itasogea yenyewe.

Kuhusu tabasamu

Nimesikia mafunzo mazima yakijengwa juu ya meno. Tabasamu ni zuri, na katika desturi zetu mgeni hupokelewa kwa uso mkunjufu tangu mlangoni. Lakini mteja aliyekuja na risiti mkononi amekuja kutafuta jibu. Tabasamu lisilo na jibu, likirudiwa mara tatu, linaudhi kuliko uso uliokunjamana wenye jibu sahihi.

Tena linamgharimu anayelitoa. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika mwaka 1983 kitabu kiitwacho The Managed Heart, kuhusu wahudumu wa ndege wa shirika la Delta waliofundishwa kwamba tabasamu lao ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Alionyesha kwamba kuisimamia hisia yako kwa ajili ya mshahara ni kazi, kama kubeba mizigo ilivyo kazi, na ina uchovu wake. Dada wa kituo cha simu anayetukanwa tangu saa mbili asubuhi, akajibu kila tusi kwa "asante kwa kutupigia", amefanya kazi hiyo siku nzima na hakuna anayeihesabu. Mfundisheni kuifanya vizuri: namna ya kunyamaza mpaka mtu amalize hasira, namna ya kushusha sauti badala ya kuipandisha, lini anaruhusiwa kusema, "Ndugu yangu, nitakusaidia, lakini matusi hapana." Na baada ya simu ya aina hiyo mpeni dakika tano za kunywa maji, kabla ya simu inayofuata. Mafunzo bila pumziko hilo hayakai.

Mfundisheni pia sentensi hii, naye aitamke mpaka iwe nyepesi mdomoni: "Hilo silijui, naomba namba yako, nitakupigia leo saa nane mchana." Kisha apige saa nane, hata kama jibu halijapatikana, aseme halijapatikana. Mteja wa Afrika Mashariki amezoea kuahidiwa na kusahauliwa. Simu inayopigwa kwa wakati itamfanya asimulie mtaa mzima.

Sentensi hiyo inataka kitu kimoja kutoka kwenu, nacho ni mamlaka. Mhudumu mwenye elimu yote asiyeruhusiwa kurudisha hata shilingi elfu mbili bila saini ya mtu aliyekwenda Dodoma ni mhudumu mliyemfundisha bure. Wekeni kiwango, kiandikeni, mwambieni: mpaka hapa unaamua mwenyewe na tutakutetea. Halafu mteteeni kweli siku atakapoamua vibaya kwa nia njema. Siku hiyo ndiyo itakayowaonyesha wengine kama mlimaanisha.

Mlinzi, mfagizi na mama wa masijala

Orodha ya wanaopaswa kufundishwa huwa inaanza na watu wasio sahihi. Mtu anapofika kwenye ofisi yoyote ya umma, wa kwanza kumuuliza ni mlinzi wa getini. Mlinzi ndiye anayemwambia fomu inapatikana wapi, kama leo wanahudumia, kama picha mbili zinatosha, kama avue kofia. Mara nyingi ameajiriwa na kampuni nyingine kabisa na hajawahi kuhudhuria kikao hata kimoja cha ofisi anayoilinda. Anajibu kwa uzoefu, na uzoefu wake ukipitwa na wakati wateja ishirini wanarudi nyumbani kufuata kitu kisichohitajika tena. Mwiteni kwenye zile dakika kumi. Mwiteni na mfagizi, kwa kuwa naye huulizwa, na tena humjua mama aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi bila kuitwa.

Kuna pia yule mama wa masijala, au mzee wa mikopo, anayejua kila kitu. Anajua faili la mwaka fulani liko wapi, anajua tofauti ya fomu ya zamani na mpya, anajua kwamba mteja wa jina fulani husaini kwa mkono wa kushoto. Kila mtu humkimbilia. Katika utumishi wa umma Tanzania watumishi wengi hustaafu kwa lazima wakifika miaka 60, na ofisi hununua kanga, hununua saa ya ukutani, husoma risala, kisha siku inayofuata hugundua kwamba hakuna aliyeachiwa anachokijua. Miaka miwili kabla, mkalisheni kijana pembeni yake. Kijana ndiye afanye kazi, mama aangalie na kusahihisha. Mkifanya kinyume, mama atafanya kila kitu kwa upendo na haraka yake na kijana hatajifunza chochote isipokuwa kumletea chai.

Badilishaneni viti pia. Kenya ilipofungua vituo vya Huduma kuanzia mwaka 2013, ilikusanya chini ya paa moja huduma za idara nyingi ambazo zamani mwananchi alizizungukia mji mzima. Mpango wa namna hiyo hutimia mhudumu wa dirisha hili akijua la jirani linataka nini, ili asimpangishe mtu foleni ya saa nzima kumbe amekosa karatasi moja. Benki, hospitali na halmashauri wanaweza kulifanya hilo bila jengo jipya: karani wa malipo akae wiki moja mapokezi, wa mapokezi akae wiki moja kwenye malalamiko. Watarudi na heshima kwa kazi ya mwenzao na orodha ya mambo ya kurekebisha.

Na kwa kuwa tuko hapo, kila ofisi inayohudumia watu wengi iwe na angalau wawili wanaojua salamu na maswali ya msingi kwa lugha ya alama. Kiziwi anayeandikiwa kwenye kipande cha karatasi, huku waliopo nyuma wakimkodolea macho, ni mteja kama wengine na amelipa kodi kama wengine.

Kupima

Mwisho wa semina hugawiwa karatasi yenye vikaragosi vya nyuso: umeridhika, umeridhika kiasi, hujaridhika. Ukumbi ulikuwaje? Chakula kilikuwaje? Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuandika juu ya kutathmini mafunzo kwa ngazi nne: watu waliyapokeaje, walijifunza nini, walibadilika vipi kazini, na shirika lilipata nini. Karatasi ya vikaragosi ni ngazi ya kwanza. Ofisi zetu nyingi hukwama hapo, zikaandika ripoti kwamba mafunzo yalifana.

Pandeni ngazi. Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji mtaalamu: wekeni daftari, mwandike kila mteja aliyerudi kwa tatizo lilelile alilokuja nalo mara ya kwanza, na sababu yake pembeni. Hesabuni kila Ijumaa. Idadi ikishuka, watu wanajifunza. Isiposhuka, someni sababu zilizoandikwa pembeni, na hizo ndizo mada za wiki ijayo. Daftari hilo lisitumike kumkata mtu mshahara. Siku litakapotumika hivyo halitaandikwa ukweli tena.

Kituo cha simu kina dhambi yake ya pekee, nayo ni kumpima mhudumu kwa ufupi wa simu. Anayemaliza simu kwa dakika mbili hupewa zawadi, na mteja wake hupiga tena kesho, na kesho kutwa. Simu tatu fupi zimehesabiwa kama ufanisi.

Tena msijaze watu kazi mpaka pomoni. Mdenmark A. K. Erlang, aliyefanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, aliweka mwaka 1909 msingi wa hesabu za foleni ambao vituo vya simu vinautumia hadi leo. Hesabu hizo zinaonyesha kwamba wahudumu wakikaribia kuwa na kazi kila dakika ya zamu, foleni hairefuki kidogokidogo, hufumuka. Nafasi wazi kati ya mteja na mteja ndiyo inayoizuia foleni kufumuka, na ni hapohapo mhudumu anapopata muda wa kumuuliza mwenzake, "Hili la jana lilikwishaje?" Meneja anayeona watu wawili wamekaa bila mteja kwa dakika nne na kupata hasira, apumue kwanza, asikilize wanaongea nini.

Jumatatu

Chukueni Mkataba wa Huduma kwa Mteja ulioning'inia ukutani kwenye fremu, ule unaoahidi kwamba barua itajibiwa ndani ya siku kadhaa na simu itapokelewa baada ya miito kadhaa. Uteremsheni, ufuteni vumbi, usomeni kwa sauti pamoja na wahudumu, ahadi moja kwa siku. Kwa kila ahadi waulizeni: tunaitimiza? Kama hatuitimizi, kinachokosekana ni ujuzi, ni vifaa, au ni ruhusa? Kinachokosekana kikiwa ujuzi, kinakwenda kwenye dakika kumi za asubuhi. Vifaa na ruhusa ni juu yako, meneja, na wahudumu waambiwe ni lini utavileta. Ahadi ambayo hakuna atakayeweza kuitimiza iondolewe kwenye fremu.

Na dakika hizo kumi ziwe za kazi. Kama mlango unafunguliwa saa mbili na mafunzo yanaanza saa mbili kasoro dakika kumi, dakika hizo ziandikwe kwenye daftari la mahudhurio na zilipwe, kwa mhudumu, kwa mfagizi, na kwa mlinzi wa kampuni nyingine pia. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kwa daladala ameshaamka saa kumi usiku kuja kuwahudumia wateja wako. Fedha ya kuzilipia ipo. Iko kwenye kasma ya keki, maputo na ukumbi wa Bagamoyo.